Maswali ya Ushonaji: Cherehani ya Kwanza kwa Mfuko Mdogo

Barua tulizochagua safari hii zinazunguka jambo moja: mtu anataka kuanza kushona, fedha si nyingi, na kila duka analoingia anaambiwa mashine iliyo mbele yake ndiyo bora. Majibu mengine ni marefu, kwa sababu kosa la kununua ni ghali kulirekebisha.

SWALI: Hamjambo wahariri. Nimeweka akiba ya shilingi 20,000 ninunue cherehani. Naishi chumba kimoja cha kupanga Kayole, stima ni ya tokeni. Nataka kuanza na nguo za watoto wangu, kurekebisha sare za shule za majirani, na baadaye madera ya kuuza. Huko River Road nimeonyeshwa mbili: ile nyeusi ya miguu, na nyeupe ya umeme yenye mishono zaidi ya ishirini. Muuzaji ananiambia ya miguu imepitwa na wakati. Nichukue ipi?
*Mama wa watoto wawili, Kayole*

JIBU: Mama, kwa kazi hizo tatu chukua ile nyeusi ya miguu, na usiionee haya.

Nguo za watoto, sare na madera mengi hushonwa kwa kitambaa kisichovutika: poplini, kitenge, gabadini, pamba nyepesi. Kazi yake karibu yote ni mshono mnyoofu. Katika ile mishono ishirini na kitu, mshonaji wa kawaida hutumia mitatu tu: mnyoofu, zigizaga (unaoyumba kushoto na kulia) na tundu la kifungo. Iliyobaki ni ya urembo. Utaijaribu wiki ya kwanza, kisha haitaguswa tena.

Ile nyeusi, iwe imeandikwa Butterfly au jina lingine, kwa kawaida imefuata muundo wa zamani wa Singer 15, ambao viwanda vya Japani na China vimeunakili kwa miongo mingi. Ndiyo maana vipuri vyake vimeenea kila mahali. Sindano, bobini (kile kireli kidogo cha uzi wa chini), kikombe cha bobini, mkanda na springi ya mkazo wa uzi utavipata kwa wauza vifaa vya ushonaji mjini na hata Gikomba, na si rahisi kumkosa fundi mtaani anayeijua ndani nje. Nyingi za zile nyeupe za bei ya chini zina gia za plastiki ndani. Jino moja likikatika utahitaji gia ya modeli ile ile, na hapo ndipo wengi hukwama. Kama bado moyo uko kwa ya umeme, mwambie muuzaji akuonyeshe gia, kikombe cha bobini na pedali za modeli hiyo hiyo zikiwa dukani. Akianza kukuambia kwamba ataagiza, rudi kwenye nyeusi.

Suala la tokeni lisikutishe wala lisiwe sababu ya kuamua. Cherehani ndogo ya umeme hula takriban wati 100, kwa hiyo saa kumi za kushona mfululizo ni yuniti moja. Pasi ndiyo mlaji: ina wati 1,000 au zaidi, na mshonaji anayefanya kazi safi hupiga pasi kila baada ya mshono. Cherehani ya miguu inakufaa kwa sababu nyingine. Kwanza, stima ikipotea kazi inaendelea. Pili, miguu inakupa mwendo wa polepole kabisa, hatua kwa hatua, na hicho ndicho anayejifunza anachohitaji anapozunguka kola au kwapa. Tena siku ukitaka mota, nyingi ya mashine hizi zina sehemu ya kuifungia nyuma, karibu na gurudumu la mkono, bila kununua kichwa kipya.

Unachokosa ni hiki: haina zigizaga, haina tundu la kifungo, na meza yake hula nafasi. Pima chumba kwanza. Tenga kama mita moja kwa nusu mita, na nafasi ya kiti nyuma yako. Kama meza haiingii, au magoti yana maumivu, au unataka kushona fulana na nguo za kuvutika, hapo ya umeme yenye zigizaga inakuwa na haki yake.

Usimalize 20,000 zote kwa mashine. Bakiza angalau 4,000. Humo zinatoka makasi ya kitambaa ya inchi 8 au 9 (yasikate karatasi hata siku moja), tepu, chaki, pakiti za sindano namba 11, 14 na 16, bobini tano za ziada, bisibisi ndogo, kichupa cha mafuta meupe ya cherehani na nyuzi za rangi nyeupe, nyeusi na bluu ya sare. Anayeleta cherehani nyumbani bila vitu hivi hukaa wiki nzima anaitazama.

Mashine ikifika, usikimbilie kitambaa. Toa uzi, weka sindano ambayo hutaihitaji tena, na ufuate mistari ya karatasi ya daftari. Gurudumu la mkono huzunguka kuja upande wako. Likirudi nyuma, uzi hukatika au kujifunga. Lianzishe kwa mkono wa kulia, kisha miguu iendeleze, mmoja mbele kidogo ya mwingine juu ya kanyagio. Ukiweza kufuata mstari, kusimama pale unapotaka na kuanza tena bila gurudumu kurudi nyuma, sasa tunga uzi.

SWALI: Binti yangu wa darasa la nane anataka kujifunza. Nimeona mtandaoni cherehani ndogo za plastiki zinazotumia betri nne, bei yake ni kidogo sana. Nimnunulie aanzie hapo?
*Baba, Buruburu*

JIBU: Baba, hapana. Mota ya mashine hizo ni ya volti 6, na ikikutana na upindo wa jinzi au mkunjo wa sare inasimama. Mkazo wa uzi haushiki, mwili ni mwepesi na unatembea juu ya meza, na ile ya kushika mkononi hushona kwa uzi mmoja tu. Mshono wa aina hiyo ukivutwa upande unakofunguka, wote unaachia. Mtoto ataona yeye ndiye asiyejua, kumbe ni mashine. Fedha hiyo hiyo mlipie saa chache kwa fundi wa mtaani aliye na cherehani ya miguu, awe anashona viraka na foronya, huku nyinyi mkiendelea kuweka akiba.

SWALI: Fundi, nimeambiwa Gikomba kuna cherehani za mtumba za Japani na Ulaya, chuma kitupu, bei nusu ya mpya. Naogopa kuuziwa mzigo. Nikifika pale niangalie nini?
*Kijana anayeanza, Umoja*

JIBU: Ndugu yetu, mtumba mzuri unaweza kuishinda mashine mpya ya bei hiyo hiyo. Lakini uende na vitu vyako: sindano mpya namba 14, reli mbili za uzi mpya wa rangi tofauti, tuseme nyekundu na nyeupe, na vipande vitatu vya kitambaa, yaani poplini nyepesi, kitenge na jinzi. Muuzaji akikataa mashine ijaribiwe, shukuru uondoke.

Anza kabla hata ya uzi. Zungusha gurudumu la mkono kuja upande wako, polepole, mizunguko kumi. Mkono usikie uzito ule ule mwanzo hadi mwisho. Ukikuta mahali panapokaza kila mzunguko, kuna kitu kinagusa: uzi mkuukuu ulionasa kwenye ndoana (kile chuma cha chini kinachochota uzi wa sindano), au chuma kilichopinda. Ikiwa ni nzito mahali pote, huenda ni mafuta yaliyoganda, na hilo lina dawa. Ikikwama kabisa mahali pamoja, achana nayo.

Sasa shika kile kibano cha sindano kwa vidole viwili ukitikise mbele na nyuma, kushoto na kulia. Mtikisiko wa kuhisi tu si kitu. Ukiuona kwa macho, fimbo ya sindano imelika na mishono itaruka. Pitisha ukucha juu ya meno yanayosukuma kitambaa: yanapaswa kukwaruza. Yakiwa laini, kitambaa hakitasogea sawasawa, na meno mapya ya modeli adimu ni shida kuyapata. Chungulia tundu la sindano kwenye bamba. Tundu lililochanika au lenye makovu linaonyesha sindano nyingi zimevunjikia hapo, na kingo hizo hukata uzi. Makovu madogo husuguliwa kwa msasa laini, makubwa yanahitaji bamba jipya.

Toa kikombe cha bobini ukitazame, maana kwenye mitumba ndicho kipuri kinachopotea sana, na kikombe cha mashine nyingine hukaa kama kimefaa kumbe hakifai. Kirudishe, kisikike kikibana mahali pake, na kisicheze. Ndani, ncha ya ndoana inayochota uzi iwe kali na bila kovu. Ipitishie kidole kwa uangalifu.

Kisha umeme, na hapa ndipo fedha za watu zinapoungua. Kenya tunatumia volti 240. Japani ni volti 100, Marekani 120. Soma kibati kilichobandikwa kwenye mota au chini ya mashine. Ukikuta 100V au 110V, usikubali ichomekwe ukutani moja kwa moja hata kwa dakika moja. Kubadilisha plagi hakubadilishi volti. Utahitaji transfoma ya kushusha umeme, na kwa mashine ya wati 100 chukua yenye uwezo wa VA 200 au 300 ili isichemke. Bei ya transfoma iongeze kwenye bei ya mashine kabla hujasema ni rahisi. Au bora tafuta iliyotoka Ulaya, ambako umeme ni volti 220 hadi 240.

Iendeshe dakika kumi mfululizo. Mota kuwa na vuguvugu ni kawaida, harufu ya kuungua si kawaida. Cheche ndogo za buluu ndani ya mota ni za kaboni zinazosuguana, na kaboni ni kipuri cha bei ndogo. Cheche kubwa za manjano ni mota iliyochoka. Ondoa mguu kwenye pedali: mashine isimame papo hapo. Ikiendelea yenyewe, pedali ina hitilafu, na vidole vyako viko karibu na sindano. Kunja waya wa pedali karibu na plagi uone kama ngozi yake inapasuka.

Mwisho ni kushona. Weka ile sindano mpya, uzi mwekundu juu, mweupe chini. Shona kitenge tabaka mbili, urefu wa sentimita 30. Upande wa juu uone nyekundu tu, wa chini uone nyeupe tu. Nukta za rangi ya pili zikichomoza, mkazo hauko sawa, na kwa kawaida skrubu inatosha kurekebisha. Fanya hivyo kwa poplini pia, maana mashine iliyolika meno hukunja kitambaa chepesi. Kisha jinzi: kunja mara mbili upate tabaka nne, pita juu ya mkunjo polepole. Ikiruka mishono kwenye kitenge hali sindano ni mpya na imekaa vizuri, ndoana haikutani na sindano kwa wakati wake. Ndoana inapaswa kuifikia sindano ikiwa imeshuka kabisa na kuanza kupanda kama milimita 2. Fundi huirekebisha kwa bisibisi, lakini wewe ipunguzie bei.

Kama ina zigizaga, zungusha kifundo chake hadi upana wa mwisho na ukirudishe. Kifundo kikigoma, mara nyingi ni mafuta yaliyokauka. Kikizunguka bila sindano kuyumba, huenda kuna gia iliyokatika ndani. Mashine nyingi za miaka ya 1970 na 1980 zina gia za nailoni zilizofichwa ndani ya mwili wa chuma, na nailoni hupasuka kwa uzee hata kama haikutumika. Usidanganywe na uzito pekee: omba kifuniko cha juu kifunguliwe.

Ukiridhika, lipa kwa M-Pesa ili ujumbe ubaki, na uandikiwe risiti yenye namba iliyogongwa kwenye chuma cha mashine. Hata mtumba una mwenyewe wa kwanza, na usingependa aje na polisi. Kabla ya kupanda nayo boda, toa sindano, shusha mguu wa mashine unaobana kitambaa juu ya kipande cha nguo kilichokunjwa na ufunge waya wa pedali. Kichwa cha chuma kina uzito wa kilo 12 hivi, na kikianguka kwa gurudumu, mhimili wa ndani hupinda.

SWALI: Nilinunua cherehani ya miguu mwezi uliopita. Juu mshono unaonekana mzuri lakini chini uzi unarundikana kama kiota. Nimekaza skrubu ya bobini mpaka mwisho, bado. Sasa pia inaruka mishono. Je, niliuziwa mbovu?
*Dada, Kawangware*

JIBU: Dada, yaelekea mashine yako ni nzima. Kinachokupotosha ni kwamba vurugu iko chini lakini chanzo chake kiko juu. Uzi wa juu usipobanwa, ndoana huuvuta mwingi kupita kiasi na kuurundika chini ya kitambaa. Kukaza skrubu ya bobini hakugusi tatizo hilo, ila kunaongeza la pili.

Kwa hiyo ondoa uzi wote uanze upya. Inua mguu unaobana kitambaa. Mguu ukiwa juu, visahani viwili vya mkazo vinaachana na uzi unaingia katikati yake. Ukiwa chini, uzi unaelea nje ya visahani, na kiota hakikosi. Pitisha uzi kwenye visahani, kwenye springi ndogo iliyo kando yake, kisha kwenye ule mkono unaopanda na kushuka. Huo mkono ndio wanaoanza huusahau zaidi. Teremka hadi sindano. Shusha mguu, vuta uzi kwa vidole: usikie unazuiwa. Inua mguu, vuta tena: uteleze. Usiposikia tofauti, uzi haujaingia katikati ya visahani, au kuna vumbi na kipande cha uzi ndani yake. Pitisha kitambaa chembamba katikati ya visahani uvisafishe.

Sasa rudisha ile skrubu ya bobini. Weka bobini yenye uzi ndani ya kikombe, shika ncha ya uzi, ukiache kikombe kining'inie. Kisianguke chenyewe. Ukitikisa mkono kidogo, kishuke sentimita chache kisha kisimame. Kikikataa kushuka, legeza skrubu robo ya mzunguko au chini ya hapo, jaribu tena. Skrubu hii hugeuzwa kidogo kidogo, na ni fupi: ikidondoka sakafuni huipati.

Mishono inayoruka ni sindano. Mashine yako hutumia sindano ya nyumbani yenye shina bapa upande mmoja, inayoandikwa HAx1, 15x1 au 130/705H kwenye pakiti. Zote tatu ni kitu kimoja. Wauzaji wengine hutoa DBx1 yenye shina la mviringo, ambayo ni ya mashine za kiwandani, na haifai hapa. Isome pakiti mwenyewe. Kwenye sindano kuna mfereji mrefu upande mmoja, na upande wa bapa kuna kibonde kifupi juu ya tundu. Mfereji mrefu unaelekea upande uzi unakoingilia, kibonde kinaelekea ndoana. Sukuma sindano hadi mwisho kabla ya kukaza. Ikiwa chini kwa milimita moja tu, ndoana itapita bila kuuchota uzi.

Ukubwa nao ulingane na kitambaa: 11 kwa pamba nyepesi, 14 kwa kitenge na poplini nzito, 16 kwa gabadini na jinzi, 18 kwa turubai. Kwa fulana tafuta yenye ncha ya mviringo, kwa sababu ncha kali hukata nyuzi za kitambaa kinachovutika. Badilisha sindano baada ya saa nane hivi za kushona, au mara tu inapogonga pini. Sindano ndicho kitu cha bei ya chini kabisa kwenye mashine, na ndicho watu hukibania.

Na unapoanza mshono, shikilia nyuzi zote mbili nyuma ya mguu kwa mishono mitatu ya kwanza. Kiota cha mwanzoni mwa mshono kinaisha hapo hapo.

Mafuta: tone moja kila tundu baada ya siku nzima ya kazi, na tone moja kwenye njia ya ndoana. Yawe mafuta meupe ya cherehani. Mafuta ya kupikia huganda yakawa gundi, na ya injini hutia madoa. Kama mtu alishaweka ya kupikia, tia mafuta ya taa kidogo kwenye matundu mahali penye hewa na pasipo moto, zungusha gurudumu kwa mkono, futa uchafu utakaotoka, kisha tia yanayofaa. Usiache mafuta ya taa pekee, kwa maana hayalainishi chuma.

SWALI: Kiwanda kimoja kinauza cherehani zake kuukuu. Rafiki ananishauri ninunue ya kiwandani moja kwa moja, kwa sababu nitakuja kushona sare kwa wingi. Naishi ghorofa ya nne Pipeline. Ni wazo zuri?
*Msomaji, Pipeline*

JIBU: Siyo kwa mashine ya kwanza, na hasa siyo kwenye ghorofa ya nne. Uamuzi ungekuwa mwingine kama ungekuwa na kibanda chako chini, na oda mkononi.

La kwanza kuangalia ni kibati cha mota. Mashine nyingi za viwandani hufungwa mota ya fezi tatu, volti 380 au 415. Nyumba yako ina fezi moja, volti 240. Mashine hiyo haitazunguka kwako mpaka ununue mota nyingine, na hapo bei nafuu imeshatoweka.

La pili ni mwendo. Cherehani ya nyumbani hufika mishono 600 hadi 1,000 kwa dakika, ya kiwandani inaweza kufika 5,000. Mota ya zamani ya klachi huzunguka muda wote swichi ikiwa imewashwa, inavuma hata usiposhona, na ukigusa kanyagio kitambaa kinaondoka mikononi. Anayejifunza hawezi kuidhibiti, na majirani wa ukuta mmoja hawatalala. Ukija kununua baadaye, ifungie mota ya servo: haivumi, hula umeme unapokanyaga tu, na mwendo wake unapunguzwa kwa kitufe. Tena mashine ya kiwandani ina beseni la mafuta chini ya kichwa. Mafuta yakishuka chini ya alama na ukaendelea kushona, chuma hushikana.

Anza na ya miguu. Ukifikia siku ambayo unashona sare kumi na miguu inachoka kabla ya oda kuisha, hapo mashine ya kiwandani itajilipa yenyewe.

SWALI: Je, lazima ninunue na ovaloki? Fundi mmoja ameniambia nguo bila ovaloki ni ya kienyeji.
*Mwanafunzi wa ushonaji, Ngara*

JIBU: Si lazima. Ovaloki haichukui nafasi ya cherehani: hufunga kingo za kitambaa zisichanike, huku kisu chake kikikata ziada. Ya nyuzi tatu ni ya kingo, ya nyuzi nne huweza kuunga fulana. Zipu, mfuko na kola haishoni.

Kwa sasa una njia mbili. Ya kwanza ni kupeleka vipande kwa fundi mwenye ovaloki, ulipe kwa kila nguo. Wapo wengi Gikomba, Kariokor na Uhuru Market. Peleka kabla ya kuunganisha nguo, vipande vikiwa bado bapa, na mwambie asikate zaidi ya nyuzi zinazoning'inia. Kisu kikila nusu sentimita kila upande, blauzi ya saizi 12 itarudi imekuwa ndogo.

Ya pili ni kuficha kingo kwa mshono mnyoofu wenyewe. Kwa kitambaa chepesi, acha sentimita 1.5 ya mshono. Weka vipande migongo ikitazamana, yaani uso wa nguo uwe nje, ushone milimita 7 kutoka ukingoni. Punguza kingo zibaki milimita 3, piga pasi. Geuza ili nyuso zitazamane, piga pasi tena mshono ukae kwenye mkunjo kabisa, kisha shona milimita 8. Kingo zote zimefungiwa ndani. Nyuzi zikichomoza nje baada ya mshono wa pili, hukupunguza vya kutosha.

Kwa gabadini na jinzi njia hiyo huleta unene. Huko shona mshono wa kawaida, punguza ukingo mmoja ubaki milimita 5, kunja ule mrefu uufunike, ulaze wote upande mmoja na ushone juu yake, ukifuata ukingo wa mkunjo kwa umbali wa milimita 2. Ndio mshono ulio kwenye mguu wa suruali ya jinzi, na unashikilia kuliko ovaloki. Sindano iwe namba 16, urefu wa mshono milimita 3, na pale mishono miwili inapokutana zungusha gurudumu kwa mkono.